Kunoa Kisu cha Kukunja Hadi Makali Yadumu: Mwongozo Kamili

Wenzangu wa Moshi na Arusha wanaopenda visu vya kukunja huniletea lalamiko moja, nalo halibadiliki: kisu kimenolewa jioni, kimepasua karatasi mbele ya watu wote, lakini kesho yake asubuhi kinashindwa kumenya ndizi mshare za mtori. Mwenye kisu hukilaumu kwanza kinoo, kisha chuma chenyewe, na mwishowe hukipeleka kwenye mashine ya umeme ambako kinarudi kikiwa chembamba na kimeharibika zaidi.

Katika visu vingi nilivyovikagua, si kinoo wala chuma kilichokuwa na kosa. Kosa lilikuwa mkunjo mwembamba wa chuma unaojitokeza kwenye ukingo wa makali wakati wa kunoa, ambao mnoaji hakuugundua au hakuuondoa. Mkunjo huo ni mkali sana kwa saa chache, kwa hiyo unamdanganya mtu kwamba kazi imekwisha; kisha unalala upande mmoja au unakatika, na chini yake kunabaki makali butu yaleyale ya mwanzo. Mwongozo huu umepangwa kuuzunguka mkunjo huo: jinsi ya kuutengeneza kwa makusudi, kuutambua kwa kidole, na kuumaliza kabisa.

## Vifaa vinavyohitajika

Kusanya kila kitu kabla ya kuanza, kwa sababu mtu anayenyanyuka katikati ya kazi kutafuta kitambaa hurudi akiwa amepoteza pembe aliyokwisha kuizoea mkononi.

- Kinoo chenye pande mbili, mmoja wa chenga na mwingine laini, kama vile vinavyouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Urefu wa sentimita 15 au zaidi unatosha.
- Msasa wa maji namba 400, 800 na 1200, ule unaotumiwa na mafundi wa rangi za magari, pamoja na kipande cha kioo kinene au kigae laini cha kuulaza. Huu ni mbadala mzuri kwa asiye na kinoo.
- Kalamu ya wino mzito usiofutika kwa maji.
- Mkanda wa ngozi halisi wa suruali ambao hauvaliwi tena, uliogundishwa juu ya ubao ulionyooka. Mkanda wa plastiki uliopambwa ukafanana na ngozi haufai.
- Rabingi kidogo ya kung'arishia rangi ya gari, kwa ajili ya kupaka kwenye mkanda huo.
- Mswaki wa zamani, vijiti vya meno, sabuni ya kuoshea vyombo, maji ya moto na vitambaa viwili vya pamba.
- Mafuta ya cherehani.
- Kipande cha mbao laini ya paina.

Mtu asiyeweza kununua vyote aanze na kinoo, kitambaa na kipande cha mbao. Vingine vinarahisisha kazi, lakini havichukui nafasi ya mkono uliotulia.

## Kijue kisu chako kwanza

Visu vya kukunja vinavyozunguka mikononi mwetu vimetoka njia nyingi. Vingine vimenunuliwa kwenye mitumba ya soko la Memorial mjini Moshi, vingine ni zawadi ambazo wapagazi na waongoza watalii wamepewa na wageni walioshuka Kilimanjaro, na vingine vimerithiwa kutoka kwa baba au babu. Kabla ya kunoa, soma maandishi yaliyogongwa kwenye bapa, kwa kawaida karibu na mpini.

Neno *Inox*, *Stainless* au *Rostfrei* lina maana kwamba chuma hicho hakishiki kutu kwa urahisi. Neno *Carbone*, ambalo hupatikana kwenye baadhi ya visu vya Opinel vya Ufaransa, linaonyesha chuma cha kaboni, ambacho hunoleka upesi na kushika kutu upesi vilevile. Usijaribu kuvitofautisha kwa sumaku, kwa kuwa chuma cha visu visivyoshika kutu pia huvutwa na sumaku. Bapa likiwa halina maandishi, lipake maji ya limau na usubiri dakika kumi. Chuma cha kaboni kitabadilika rangi na kuwa cha kijivu. Kile kingine hakitabadilika.

Tofauti hii ina faida kazini. Bapa la kisu cha Victorinox cha Uswisi, kwa mfano, lina ugumu wa takriban 56 katika kipimo cha Rockwell, yaani si gumu sana. Hunoleka bila shida, ila mkunjo wake ni mkaidi: ukiusukuma huku unahamia kule. Chuma cha kaboni huuachia mkunjo mapema zaidi. Anayeanza kujifunza na ana visu vyote viwili aanze na cha kaboni.

## Hatua ya 1: Safisha kisu na ukikague

Fungua bapa kwa kuingiza ukucha katika kijishimo chake, wala usitumie meno. Osha kwa maji ya moto na sabuni, ukipitisha mswaki kwenye mfereji wa mpini na kijiti cha meno kando ya ribiti (pini inayolishikilia bapa kwenye mpini), mahali ambapo utomvu wa ndizi, mafuta ya nyama na nyuzi za mfukoni hujikusanya. Kisu chenye mpini wa mbao kisilowekwe. Kipitishie maji haraka na ukikaushe papo hapo.

Sababu ya kuanza na usafi ni kwamba mchanga uliojificha kwenye mpini utadondoka juu ya kinoo na kukwaruza makali unayoyatengeneza.

Sasa elekeza makali kwenye mwanga wa jua au tochi ya simu. Makali mazuri hayarudishi mwanga, kwa sababu hayana upana wa kuurudisha. Ukiona mstari mweupe au vidoa vinavyometameta, hapo ndipo penye ubutu. Tia alama sehemu hizo akilini, maana zitakuonyesha baadaye kama kazi imefika mwisho.

Onyo. Visu vingi vya asili havina kufuli. Bapa linashikiliwa na springi ya mgongoni tu. Springi ikiwa imelegea kiasi kwamba bapa linajifunga kwa uzito wake lenyewe, usikinoe kisu hicho mpaka kitengenezwe. Kwenye Opinel yenye pete, zungusha pete ili ilizuie bapa lililofunguliwa lisijifunge, kabla ya kugusa kinoo.

## Hatua ya 2: Andaa kinoo

Kinoo cha maji kiloweke hadi mapovu yaache kutoka. Maji hubeba chembe za chuma zilizosagika. Zisipoondoka huziba vitundu vya kinoo, nacho huanza kuteleza badala ya kula chuma. Kinoo kilichokwisha kutumiwa kwa mafuta kiendelee na mafuta, kwa kuwa maji hayataingia tena.

Kisha weka rula juu yake kwa upande. Vinoo vya nyumbani, hasa vile ambavyo familia nzima imenolea mapanga na majembe kwa miaka mingi, huwa vimebonyea katikati. Bonde hilo hubadilisha pembe kila bapa linapopita, hivyo hata mkono wa fundi hauwezi kunoa vizuri juu yake. Kisawazishe kwa kukisugua juu ya sakafu ya saruji iliyonyooka iliyomwagiwa maji na mchanga mchache, ukizungusha mduara, hadi uso wote uwe na rangi moja.

Mawe ya mtoni, ambayo wazee wengi wa mlimani wamenolea panga maisha yao yote, yanafaa kwa panga. Kwa bapa dogo la kisu cha mfukoni uso wake hauna usawa wa kutosha.

Weka kinoo juu ya kitambaa chenye unyevu ili kisiteleze, mezani, mbele ya kitovu chako, na usikishike mkononi.

## Hatua ya 3: Tafuta pembe na uitunze

Kisu cha mfukoni cha matumizi ya kawaida kinahitaji pembe ya nyuzi 15 hadi 20 kwa kila upande. Chini ya hapo makali huwa membamba na hukatika kwenye kamba ya katani; juu ya hapo kisu hupasua kama shoka badala ya kukata.

Njia rahisi ya kuipata haihitaji kifaa. Laza bapa juu ya kinoo, kisha inua mgongo wake kwa kiasi cha theluthi moja ya upana wa bapa. Bapa lenye upana wa milimita 15 litainuliwa milimita 5, nayo pembe itakuwa karibu nyuzi 19 au 20. Ukitaka kuiona kwa macho, chukua karatasi yenye kona ya mraba, ikunje kona hiyo katikati mara mbili: ya kwanza inakupa nyuzi 45, ya pili nyuzi 22 na nusu. Isimamishe kando ya kinoo, ushikilie bapa chini kidogo ya mstari wake.

Sasa paka wino wa kalamu kwenye makali, pande zote mbili, kisha pitisha bapa mara mbili tu juu ya kinoo na ulitazame. Wino ukiwa umefutika juu, karibu na mgongo, umelaza bapa mno. Ukiwa umefutika kwenye ukingo kabisa peke yake, umeliinua mno. Ukifutika kwenye ukanda wote wa makali, hiyo ndiyo pembe ya kisu chako, hata kama haifanani na kipimo cha karatasi. Mimi huufuata wino kuliko kipimo chochote.

Usione haya kurudia kupaka wino mara tano au sita. Wengi walioniletea visu vyao walinoa kwa nusu saa nzima bila kujua kwamba kinoo hakijawahi kugusa ukingo wa makali. Walikuwa wakisugua bega la bapa tu.

## Hatua ya 4: Noa upande wa kwanza hadi mkunjo utokee

Anza na upande laini wa kinoo. Upande wa chenga uuache kwa kisu chenye mapengo au kilicho butu kabisa, kwa sababu unakula chuma haraka, na bapa la kisu cha kukunja halina chuma cha kupoteza.

Shika mpini kwa mkono mmoja, dole gumba likiwa kwenye shina la bapa, karibu na mahali linapoingia mpinini, na vidole vyote vikiwa mbali na mfereji. Weka vidole viwili vya mkono wa pili juu ya bapa. Sukuma kisu mbele, makali yakitangulia, kana kwamba unataka kukwangua tabaka jembamba la kinoo. Wakati huohuo lisogeze bapa kwa upande, ili msukumo mmoja uanzie karibu na mpini na kuishia kwenye ncha. Unapokaribia ncha, inua mpini kidogo sana, kwa kuwa hapo bapa limepinda na lisipoinuliwa ncha haitagusa kinoo.

Mgandamizo uwe wa wastani, kama wa kusugua sufuria. Kuna wanaofikiri kwamba nguvu huharakisha kazi. Nguvu hupindisha pembe, na hutengeneza mkunjo mnene ambao utakusumbua baadaye.

Rudia upande huohuo mara kumi au kumi na tano, kisha simama utafute mkunjo. Weka dole gumba upande wa pili wa bapa, ule ambao hujaunoa, na ulivute taratibu kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, likikatiza ukingo. Usilipitishe kamwe kwa urefu wa makali. Mkunjo utausikia kama ukwaruzo mdogo, mfano wa kingo ya kopo lililofunguliwa. Mwenye ngozi ngumu ya kazi za shamba atumie pamba: aivute vivyo hivyo, nayo itanasa nyuzi zake palipo na mkunjo.

Usihamie upande wa pili mpaka mkunjo uwepo katika urefu wote, kuanzia karibu na mpini hadi kwenye ncha. Hapa ndipo pa kuwa na subira kuliko pengine popote. Mkunjo ndio ushahidi pekee kwamba kinoo kimefika kwenye ukingo wa makali, kwa maana chuma hakiwezi kukunjikia upande wa pili kabla upande huu haujanoleka hadi mwisho. Kidole kikisikia mkunjo katikati tu, ongeza misukumo pale ambapo haujatokea, siyo pale ulipokwisha kutokea. Mara nyingi sehemu mbili zinazochelewa ni sentimita ya kwanza karibu na mpini, na ncha.

## Hatua ya 5: Geuza upande wa pili

Fanya yaleyale, ukipaka wino upya ili kuthibitisha pembe, kwa sababu mkono wa pili hauna mazoea ya wa kwanza. Safari hii mkunjo utatokea mapema zaidi, nao utahamia upande ulioanza nao. Ukiusikia huko katika urefu wote, pande mbili zimekutana.

Wengi huishia hapa, kwa kuwa kisu sasa kinakata karatasi. Hapa ndipo makali ya siku moja yanapozaliwa.

## Hatua ya 6: Ondoa mkunjo

Mkunjo ni chuma chembamba kilichochoshwa kwa kupindwa huku na huku. Ukiacha kisu kikiwa nao, mpigo wa kwanza kwenye kitu kigumu, hata kiwe kibao cha kukatia mboga, utaulaza juu ya makali. Kwa hiyo punguza mkunjo hatua kwa hatua hadi usiwepo, bila kutengeneza mwingine mpya.

Kwanza, punguza mgandamizo ubaki uzito wa kisu peke yake. Toa ile mikono miwili ya nguvu. Vidole juu ya bapa viguse tu. Sukuma mara tano upande mmoja, mara tano wa pili, kisha tatu kwa tatu, kisha mbili kwa mbili, kisha moja kwa moja mara kumi, ukibadilisha upande kila msukumo. Makali yatangulie wakati wote. Ukivuta kisu nyuma kwenye kinoo katika hatua hii, unauvuta mkunjo urefuke badala ya kuukata.

Pili, inua mgongo wa bapa juu zaidi ya pembe uliyokuwa nayo, kiasi cha milimita moja tu, na usukume mara mbili kila upande kwa wepesi wa kupangusa vumbi. Kwa kuwa pembe imeongezeka kidogo, kinoo kinagusa mkunjo wenyewe kabla ya kugusa makali, na kinaukata kutoka shinani. Usizidishe mara mbili, la sivyo utakuwa umebadilisha pembe ya kisu chote.

Tatu, chukua kipande cha mbao ya paina na upitishe makali juu ya kona yake, kama mtu anayekata kipande chembamba sana, mara mbili au tatu kwa urefu wote wa bapa, bila nguvu. Masalia ya mkunjo yaliyolegea yatabaki kwenye mbao, na pengine utayaona yakimetameta. Rudi kwenye kinoo kwa misukumo mitatu mepesi ya kupokezana.

Sasa kagua kwa dole gumba pande zote mbili. Kisu kilichokwisha kufikia hapa hakina upande wenye ukwaruzo: kulia na kushoto vinasikika sawa. Kagua tena kwa mwanga, ukikumbuka zile sehemu zilizokuwa zikimetameta mwanzoni. Mstari mweupe ukiwa bado upo mahali fulani, ama ni ubutu uliobaki ama ni mkunjo uliolala, na kidole kitakuambia ni kipi kati ya hivyo viwili. Ubutu unakurudisha hatua ya 4, mkunjo unakurudisha mwanzo wa hatua hii.

Kwa kisu cha Victorinox na vingine vya chuma laini kisichoshika kutu, tarajia kurudia mzunguko huu mara mbili au tatu. Usikate tamaa na usiongeze nguvu. Kisu nilichokaa nacho muda mrefu kuliko vyote kilikuwa cha mpagazi mmoja wa Marangu, chekundu, ambacho mkunjo wake ulihama upande mara nne. Mara ya tano, kwa misukumo ambayo haikuwa na uzito wowote, uliondoka, na kisu hicho kilimaliza safari mbili za mlimani bila kurudi kwangu.

Kwa wanaotumia msasa wa maji badala ya kinoo: usisukume makali mbele, kwa sababu yatachana karatasi. Vuta kisu nyuma, mgongo ukitangulia, ukianza na namba 400, kisha 800 na 1200, na umalizie kwenye mbao kama ilivyoelezwa. Msasa huacha mkunjo mrefu zaidi ya kinoo, hivyo namba 1200 iguswe kwa wepesi mkubwa.

## Hatua ya 7: Pitisha kwenye mkanda

Paka rabingi nyembamba juu ya ngozi. Laza bapa kwa pembe ileile na ulivute nyuma, mgongo ukitangulia, mara kumi kila upande kwa kupokezana. Kabla ya kuligeuza, linyanyue kutoka kwenye ngozi. Anayeligeuza likiwa bado linagusa huzungusha makali na kuyafanya butu.

Onyo ambalo naomba lisomwe mara mbili. Msukumo wa makali mbele hulisukuma bapa lizidi kufunguka. Mvuto wa mgongo mbele hufanya kinyume: msuguano wa ngozi huyavuta makali kuelekea kwenye mpini, yaani huelekea kukifunga kisu. Kwa kisu kisicho na kufuli, hapa ndipo vidole hukatwa. Shika shina la bapa kwa dole gumba na cha shahada, acha mfereji wa mpini ukiwa mtupu, na usigandamize.

Asiye na ngozi atumie gazeti lililokunjwa juu ya ubao. Linafanya kazi polepole, lakini linafanya.

## Hatua ya 8: Jaribu mara mbili, siyo mara moja

Jaribio la kwanza ni nyanya mbivu. Weka makali juu ya ganda lake na uvute bila kugandamiza. Ganda likifunguka kwa uzito wa kisu, makali yapo.

Jaribio la pili ndilo linalotenganisha makali na mkunjo. Chonga kipande cha mbao kavu kwa dakika mbili au tatu, ukitoa maranda ya kawaida, au kata kamba ya katani mara ishirini. Kisha rudia nyanya. Kisu kinachofanya kazi ileile baada ya mbao au kamba kimenolewa. Kilichopoteza makali kilikuwa na mkunjo, na kinarudi hatua ya 6. Ni heri kuligundua jambo hilo ukiwa bado mezani na kinoo kingali na maji.

Futa bapa mara moja baada ya nyanya, hasa la chuma cha kaboni, kwa sababu asidi yake huanza kulibadilisha rangi ndani ya dakika chache.

## Hatua ya 9: Osha, kausha, paka mafuta

Osha tope la kinoo, kausha kwa kitambaa, na uache kisu wazi kivulini kwa muda ili unyevu wa ndani ya mpini utoke. Tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ribiti, fungua na ufunge mara kadhaa, futa uchafu mweusi utakaotoka, kisha ongeza tone la pili.

Mafuta ya alizeti yasitumiwe kwenye ribiti, kwa kuwa yakipigwa na hewa hugeuka gundi. Mafuta ya nazi yana shida nyingine, nayo inatuhusu zaidi sisi tunaoishi chini ya Kilimanjaro na Meru: huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo mwezi Juni na Julai kisu huwa kizito kufunguka. Oili ya injini isiguse kisu cha chakula kabisa. Hata mafuta ya cherehani yafutwe kwenye bapa kabla ya kukata chakula.

## Mpini wa mbao unapovimba wakati wa masika

Kuanzia Machi hadi Mei huletewa visu vya Opinel ambavyo havifunguki. Mbao ya mpini imenyonya unyevu, imevimba, na imelibana bapa pande zote mbili. Usivute bapa kwa koleo, kwa sababu utalikwaruza na pengine kupinda ncha. Zungusha pete iwe wazi, kisha gonga kisogo cha mpini, upande ulio mkabala na pete, juu ya kitu kigumu kama kona ya meza. Bapa litachomoza kiasi cha kushikika. Wafaransa wa Savoie, ambako visu hivi vilianzia, huvifungua kwa kugonga hivyohivyo.

Baada ya hapo kiache kisu wazi mahali pakavu kwa siku kadhaa, mbali na jiko, kwa maana joto la ghafla hupasua mbao. Kikishakauka, yeyusha nta ya nyuki kidogo, ipake ndani ya mfereji na kuzunguka ribiti, na ufute inayobaki. Nta huzuia unyevu kuingia kwa msimu mzima, nayo inapatikana kwa wauza asali.

## Kisu katika shughuli za siku

Makali mazuri huuawa zaidi na sahani kuliko na kazi. Kukata nyama choma juu ya sahani ya udongo au ya bati kunayakunja makali kwa mara moja, omba kibao. Maboksi na mifuko ya salfeti huyachosha polepole, na kamba ya katani huwa na mchanga ndani yake, kwa hiyo ikung'ute kwanza. Mbegu ya parachichi isipigwe kwa kisu: mbali na makali, kisu kisicho na kufuli kinaweza kumfungia mtu vidole.

Anayemenya ndizi apake mafuta kidogo ya kupikia kwenye bapa kabla ya kuanza, kama mama zetu wanavyojipaka mikononi. Utomvu hautaganda, na bapa la kaboni halitakuwa jeusi kwa madoa. Ule ukijivu wa sawasawa unaotokea baada ya miezi ya kukata matunda usiusugue, unapunguza kutu. Kinachopaswa kuondolewa ni kutu ya rangi ya chungwa tu, kwa msasa namba 1200 na tone la mafuta.

Tunapokaa pamoja na kuonyeshana visu, kisu hupokezwa kikiwa kimefungwa, na anayekipokea huomba ruhusa ya kukifungua. Kwa mzee kipokezwe kwa mkono wa kulia, mpini ukimwelekea. Anayesafiri kwa ndege kutoka KIA akiweke kwenye begi linaloingia chini ya ndege, maana kisu cha mfukoni hakiruhusiwi ndani na kitachukuliwa kwenye ukaguzi.

## Kuhusu mashine ya umeme

Nilipokuwa kijana nilikipeleka kisu cha marehemu baba yangu kwa mnoaji mmoja mwenye jiwe la umeme. Kilirudi kikimetameta, na ncha yake ikiwa na rangi ya buluu. Rangi hiyo hutokea chuma kikifika joto la karibu nyuzi 300 za Selsiasi, wakati visu vingi hupewa ugumu wake wa mwisho kwa joto la chini ya hapo. Ukingo mwembamba hufika huko kwa sekunde moja, kabla kidole hakijahisi moto. Sehemu iliyogeuka buluu imelainika, na kunoa zaidi hakuirudishii ugumu mpaka chuma hicho chote kiondolewe. Mnoaji wa baiskeli anayezungusha jiwe taratibu na kulimwagia maji hana hatari kubwa kiasi hicho, lakini jiwe lake ni la mapanga na visu vya bucha.

## Ni lini urudi kwenye kinoo

Kisu kinachotumika kila siku kipitishwe kwenye mkanda mara moja kwa wiki, mara kumi kila upande. Kikianza kuteleza juu ya ganda la nyanya hata baada ya mkanda, kirudishe kwenye upande laini wa kinoo kwa misukumo mitano au sita kila upande, ukianzia moja kwa moja hatua ya 6. Hatua ya 4 yenye kutengeneza mkunjo mpya ingojee mpaka mwanga uonyeshe tena ule mstari mweupe kwenye makali. Kisu cha baba nakitunza kwa utaratibu huo hadi leo: ile buluu imekwisha kunoleka yote, bapa limepungua milimita chache, na jana kilimenya ndizi za chungu kizima cha mtori bila kurudi mezani.